Shilingi 85,000 Zilizopotelea Kwenye Programu

Desemba 2024 kikundi cha VICOBA cha mama yangu, pale Morogoro, kilikaa kufunga mwaka na kugawana. Wanachama 28, wote wanawake, pilau iko jikoni tangu asubuhi. Sanduku lao lina makufuli matatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, kwa hiyo halifunguliwi mpaka wote watatu wafike. Likafunguliwa. Fedha zikahesabiwa mara mbili, pamoja na zilizokuwa benki: shilingi 14,300,000. Daftari la mweka hazina nalo likasema hivyo hivyo. Simu yangu ikasema 14,385,000.

Programu iliyokuwa kwenye simu ile niliitengeneza mimi. Lakini hakuna aliyenitazama mimi. Walimtazama mweka hazina, mama wa miaka sitini na kitu ambaye ameshika daftari tangu kikundi kinaanza. Kisha mmoja akasema, polepole lakini kwa kusikika, kwamba simu haina njaa.

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka kumi na kidogo, nimenukuu mawaziri na matapeli, na sijawahi kusikia sentensi fupi yenye tuhuma nzito kama ile. Mgao ukaahirishwa wiki moja. Pilau ikarudi majumbani kwenye mabakuli.

Nieleze nilivyofika hapo. Mimi si mtu wa kompyuta. Mwanzoni mwa mwaka ule mama aliniomba nimtafutie namna ya kuona hisa na mikopo yao kwenye simu. Nikafungua chombo kimoja cha akili mnemba, nikakiambia kwa Kiswahili ninachotaka, na jioni hiyo hiyo nilikuwa na ukurasa unaofanya kazi. Jamani, raha ile! Mtu uliyefeli hesabu kidato cha nne unajiona injinia. Nikawa naongeza: faini za kuchelewa, mfuko wa jamii, mkopo wa dharura, makadirio ya faida. Kila ombi la akina mama nililipeleka kwenye mashine, na kila ombi lilirudi limetimizwa. Kufika Novemba, programu ilikuwa na mistari zaidi ya elfu sita ya msimbo. (Vijana wa fani huita "kodi", neno ambalo siwezi kulisikia bila kuwaza TRA, kwa hiyo nitabaki na msimbo.) Katika hiyo elfu sita nilikuwa nimesoma labda mistari mia mbili.

Wiki ile ya kusubiri sikulala vizuri. Nilikuwa nasaka kosa, nikichoka nasoma, na kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu kuliko namba, niliishia kwenye historia. Kumbe nilichokiona kuwa tatizo langu la 2024 kina umri kumzidi mama yangu.

Mwaka 1952 Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani aliyewahi kuwa kwenye jeshi la wanamaji, alikamilisha programu aliyoiita A-0. Kazi yake ilikuwa kuchukua vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na kuviunganisha kuwa kitu kimoja. Yaani kompyuta ilianza kusaidia kazi ya kuiandikia kompyuta. Miaka miwili baadaye kikosi cha John Backus ndani ya IBM kilitoa ripoti ya awali ya lugha ya FORTRAN, na humo wakaahidi kwamba lugha hiyo ingekaribia kuondoa kabisa kazi ya kuandika msimbo na kusaka makosa. Ahadi hiyo niliikuta saa nane za usiku, nikiwa katikati ya kusaka kosa. Nilicheka peke yangu.

Na wala hawakuwa waongo. FORTRAN ilipotoka 1957, mtu aliweza kuandika fomula karibu kama anavyoiandika kwenye karatasi, mashine ikajitafsiria. Kazi ya wiki ikawa ya siku chache. Ila watu waliookoa zile siku hawakwenda kupumzika. Waliandika programu kubwa zaidi. Mholanzi Edsger Dijkstra, mtu mwenye ulimi mkali katika fani hii, alilisema hilo 1972 kwenye hotuba yake ya Tuzo ya Turing: zamani hakukuwa na mashine, basi kuandika programu hakukuwa tatizo, zikaja mashine chache dhaifu, likawa tatizo dogo, sasa tuna mashine kubwa mno na tatizo limekua pamoja nazo.

Dijkstra alikuwa mmoja wa watu wapatao 50 walioitwa na kamati ya sayansi ya NATO mwezi Oktoba 1968 kwenye mji wa Garmisch, kule milimani kusini mwa Ujerumani. Hapo ndipo wakubwa wa vyuo na wa viwanda walipokubali hadharani kwamba mambo yamewashinda. Programu zilichelewa, zilizidi bajeti, na zilipofika zilikuwa na makosa ambayo kuyarekebisha kulizaa mengine. Walitumia hata neno "mgogoro". Mada ya mkutano, uhandisi wa programu, ilichaguliwa kwa kuchokoza, maana wakati ule hakukuwa na chochote cha kihandisi katika namna kazi ilivyofanywa.

Mfano mkubwa wa zama hizo ni OS/360, programu endeshi ya kompyuta kubwa za IBM. Frederick Brooks, aliyeisimamia, aliandika kitabu mwaka 1975 akieleza jinsi walivyofika watu zaidi ya 1,000 kwa wakati mmoja na kazi ikazidi kuchelewa. Kila mtu mpya lazima aelezwe na wa zamani, na kila mmoja lazima aongee na wenzake, mwisho maongezi yanakula kazi. Ana mfano wa mimba ambao akina mama wa Morogoro waliucheka sana nilipowasimulia: miezi tisa haipungui hata uigawe kwa wanawake wangapi.

Lakini Brooks aliyenishika ni yule wa makala ya 1986. Anasema utata wa programu uko wa namna mbili. Upo wa kuletwa na vifaa: lugha ngumu, mashine za polepole, alama ya nukta mkato uliyoisahau. Huo vifaa vizuri vinaweza kuupunguza. Halafu upo utata wa jambo lenyewe, wa dunia ambayo programu inajaribu kuiiga, na huo hauna dawa ya mkato. VICOBA ya akina mama 28 ina utata wa namna hii wa kukutosha. Nani anaruhusiwa mkopo wa pili kabla hajamaliza wa kwanza? Aliyechelewa kwa sababu mvua imekata barabara analipa faini? Akili mnemba ilinifutia utata wa aina ya kwanza karibu wote. Wa pili ukabaki kama ulivyo, tena sasa siuoni, kwa sababu haunipitii mikononi.

Ndipo nilipolipata kosa.

Machi mama alinipigia: kikundi kimeamua kwamba mwanachama akifiwa, mwezi wa msiba mkopo wake usitozwe riba. Nikaiambia mashine, ikaweka sharti hilo kwenye ukurasa wa kurekodi marejesho. Sawa kabisa. Juni, kwenye mazungumzo mapya, mashine ikiwa haina kumbukumbu yoyote ya yale ya Machi, niliomba ukurasa wa kukadiria faida. Ikaandika hesabu ya riba upya kabisa: asilimia 5 kwa mwezi, kila mkopo. Habari za msiba haikuwa nazo. Oktoba nikaomba ukurasa wa mgao, ikaiga ile hesabu ya Juni. Mwaka ule walifiwa wanachama wanne waliokuwa na mikopo: 500,000, 400,000, 600,000 na 200,000. Riba ya mwezi mmoja ya kila mkopo ni 25,000, 20,000, 30,000 na 10,000. Jumlisha. Ni fedha ambazo hazikuwahi kudaiwa wala kulipwa, na simu ilizihesabu kana kwamba zimo sandukuni.

Dawa ya ugonjwa huu ilichapishwa mwaka 1972 na David Parnas. Wakati huo watu waligawa programu kwa hatua za kazi: kipande hiki kinasoma, hiki kinapanga, hiki kinachapa. Parnas akasema hapana, gawa kwa maamuzi. Tazama uamuzi upi unaweza kubadilika kesho, uufungie ndani ya kipande kimoja, na vipande vingine visijue unafanyikaje. Viuulize tu jibu. Riba ya kikundi ni uamuzi wa namna hiyo hasa. Ilipaswa kuwa na nyumba moja. Katika programu yangu ilikuwa na nyumba tatu, kama mwanamume mwenye nyumba ndogo, kila nyumba ikiambiwa habari tofauti.

Kabla sijajua chanzo nilikuwa nimeionyesha mashine ile tofauti ya 85,000 na kuiomba irekebishe. Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Ilinijibu kwa adabu, ikaongeza mistari michache isemayo: kama hesabu ya mgao imezidi fedha za sandukuni, ipunguze mpaka zilingane. Ikaniambia tatizo limetatuliwa. Na kweli, namba zikalingana. Ningeweza kuibeba hiyo Morogoro, akina mama wangegawana, mweka hazina angepumua, na mimi ningesifiwa. Ila tangu siku hiyo mtu yeyote angeweza kuchomoa fedha sandukuni na programu ingemfunika kimya kimya. Nilikuwa nimeomba namba zilingane. Sikuwa nimeomba ukweli. Mashine haikuwa na namna ya kujua kwamba pale Morogoro kuna mama anayetazamwa vibaya, na kwamba hicho ndicho kilichotakiwa kujibiwa.

Mmarekani Ward Cunningham, akieleza mwaka 1992 kazi yake kwenye programu ya masuala ya fedha, alilinganisha msimbo wa harakaharaka na mkopo. Mkopo mdogo unakusogeza mbele, mradi uurejeshe upesi kwa kurudi na kuandika vizuri. Usiporejesha, kila dakika unayoitumia juu ya msimbo mbovu ni riba. Nilimsomea mama kwa simu. Akasema huyo mzungu angefaa kuwa mwanachama. Kasoro ya mfano huo, kwangu, ni kwamba mkopaji wa Cunningham anajua amekopa. Mimi sikujua.

Aliyeniweka sawa zaidi ya wote ni Peter Naur, Mdenmark aliyeanza na elimu ya nyota kabla ya kuhamia kwenye kompyuta. Ndiye aliyehariri ripoti ya Garmisch pamoja na Brian Randell. Mwaka 1985 alitoa makala fupi yenye hoja ambayo mtu wa fasihi ataipenda au itamkera: kwamba programu si maandishi. Maandishi ni mabaki tu. Programu yenyewe ni nadharia iliyo kichwani mwa waliyoiunda, na kwa nadharia anamaanisha kule kujua kwa nini kila kitu kimekaa pale kilipokaa, kinagusa nini katika maisha ya watu, na jambo jipya likija litaingilia mlango upi.

Anasimulia kisa. Kundi la kwanza liliunda programu ya kutafsiri lugha fulani ya kompyuta. Kundi la pili likataka kuipanua kwa lugha iliyokuwa kubwa kidogo. Walipewa msimbo wote, maelezo yote ya maandishi, na ushauri wa wenyewe. Hata hivyo, mara kadhaa walikuja na mapendekezo yaliyokuwa viraka, wakati kundi la kwanza liliona papo hapo njia nyepesi ambayo tayari ilikuwamo ndani ya muundo. Miaka mingi baadaye programu hiyo ilikuwa mikononi mwa watu wengine kabisa, bila mwongozo wa kundi la kwanza. Muundo wa mwanzo ulionekana bado, ila umezama chini ya nyongeza zisizo na umbo. Naur anasema programu hufa siku wenye nadharia yake wanapotawanyika, hata kama mashine bado inaiendesha kila siku. Basi ya kwangu sijui niiite nini, maana nadharia yake haikuwahi kukaa kichwani mwa mtu yeyote.

Wapenzi wa ushairi mnalijua jambo hili kwa mlango mwingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na 1840, tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, na akamweleza mmisionari William Taylor maana ya maneno na visa vilivyoyazaa. William Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Karatasi peke yake isingetosha. Kiswahili cha kale kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa namna zilivyotumika zamani hazikutenganisha vizuri i na e, wala u na o. Ili ulisome shairi sawasawa ilikupasa uwe karibu unalijua tayari, au ukae na anayelijua.

Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, na baada ya sekunde kama 40 ikalipuka. Kipande cha programu ya kuongozea njia kilirithiwa kutoka Ariane 4. Ndani yake kulikuwa na namba iliyobanwa kwenye nafasi isiyoweza kubeba zaidi ya 32,767, bila ulinzi. Walioiandika hawakuwa wazembe. Walijua kwamba kwa mwendo wa Ariane 4 namba ile isingefika huko. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mwingine, namba ikapita, mitambo ikapoteza mwelekeo. Kinachouma ni kwamba hesabu yenyewe, kwa Ariane 5, haikuwa na kazi tena roketi ikishaondoka ardhini. Msimbo ulisafiri, sababu zake zikabaki nyuma.

Baada ya hapo historia inaenda mbio. Juni 2021 GitHub na OpenAI walionyesha Copilot, iliyokuwa ikikumalizia mistari unayoandika. Februari 2025 Andrej Karpathy, mtaalamu mkubwa wa akili mnemba, akaipa jina namna ya kazi ambapo mtu anafuata hisia tu, anakubali kila kinachotoka na kusahau kwamba msimbo upo. Mtandao mzima ukalirukia neno lile. Nimtendee haki: alikuwa akizungumzia vijimradi vya mwisho wa wiki, vya kutupa. Nilipolisoma nilijiona mimi mtupu, mwaka mmoja kabla, ila mimi niliifanya kwa fedha za watu.

Sisemi tuache. Kuna wanaosema Hopper na Backus nao walibezwa, na ni kweli walibezwa. Tofauti ninayoiona ni moja. Ukiipa FORTRAN sentensi ile ile leo na kesho, inakupa kitu kile kile, na uamuzi unabaki ulipouandika. Mimi niliipa mashine maneno ya Machi na maneno ya Juni, na kati yake hakukuwa na mtu aliyekuwa akikumbuka. Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi. Brooks alilia na watu elfu moja wanaopaswa kuongea. Mimi nilikuwa peke yangu, na bado sikuongea na nafsi yangu.

Jumamosi nilipanda basi mapema, nikaenda kwanza kwa mweka hazina. Nilimkuta barazani na daftari lake pajani. Nilimwambia nimekuja kujifunza. "Sasa ndiyo umekuja," akasema, wala hakutabasamu. Akaanza. Sharti la msiba lilitokana na mwanachama aliyewahi kudaiwa riba siku ya arobaini ya mwanawe, na kikundi kizima kikaona aibu. Mwezi wa msiba hauhesabiwi tangu siku ya kifo. Unahesabiwa tangu mkutano unaofuata, kwa sababu mfiwa huwa hayupo kwenye ule wa kwanza. Hili halimo kwenye katiba yao ya kurasa nne. Nilimuuliza kwa nini halimo. Akanishangaa: "Si tunalijua?" Aliongea saa mbili na nusu, mimi naandika. Ndiyo mahojiano bora niliyofanya mwaka ule na hayakuchapwa popote.

Alasiri nilisimama mbele ya wanachama wote nikawaonyesha zile riba nne, jina kwa jina, pamoja na ile mistari mitatu ya kulinganisha namba. Nikasema kosa ni langu, daftari liko sahihi. Wakagawana 14,300,000.

Kuna utaratibu ambao vikundi vingi hivi vinao, na nilikuwa nimeuona mara nyingi bila kuuwaza. Kabla sanduku halijafungwa, mweka hazina hutaja kwa sauti salio lililobaki, na kila mtu anatakiwa alikariri. Mkutano unaofuata, kabla kufuli halijaguswa, wanaulizwa salio lilikuwa shilingi ngapi. Wanaitikia.

Programu mpya ina mistari isiyofika mia tano. Sehemu kubwa imeandikwa na mashine, sikatai. Lakini kwanza niliandika masharti yote ya kikundi kwa Kiswahili, kurasa sita, mweka hazina akayasahihisha kwa kalamu nyekundu, na kila ninapofungua mazungumzo mapya nayaweka mbele ya mashine kabla ya neno lingine. Riba ina nyumba moja. Mstari nisioweza kumweleza mama unafutwa. Inachosha, na raha ile ya jioni ya kwanza haijarudi.

Mama sasa anataka iwe inatuma ujumbe wa kuwakumbusha watu marejesho. Nimemwambia nimuulize kwanza mweka hazina, maana sijui ujumbe huo utamfikiaje mtu aliye msibani. Mweka hazina bado anafikiri. Yule aliyesema simu haina njaa alimwomba radhi mbele ya wote, naye akajibu kwamba yameisha. Ila tangu siku ile hakubali daftari lake liwekwe meza moja na simu yangu.